Mcheza Kwao Hutuzwa kwa Meseji

Mwaka 2005 watazamaji wa televisheni nchini India walimtoa Arijit Singh mashindanoni. Kipindi kiliitwa Fame Gurukul. Kijana alikuwa na miaka 18, ametoka Jiaganj, mji mdogo wa Murshidabad huko Bengali Magharibi, na wananchi wenye simu zao wakaamua kwamba hatoshi. Hakufika hata fainali. Leo sijui harusi ya Kihindi, iwe Mumbai, Muscat au Upanga, inayokwisha bila sauti ya kijana yule kupigwa walau mara tatu.

Walioshinda msimu ule walikuwa wawili, Ruprekha Banerjee na Qazi Touqeer. Qazi alitoka Kashmir. Wajuzi wa muziki walilalamika kwamba sauti yake haijakomaa, kwamba umma umechagua sura na vituko, kwamba kura zimeharibu kazi. Kisa hiki bado husimuliwa kama kichekesho: tazameni watu wasivyo na masikio. Mimi naona wanaocheka ndio waliosikia vibaya. Wapiga kura waliulizwa nani anaimba vizuri zaidi, ni kweli, lakini swali walilolijibu lilikuwa jingine.

Swali lenyewe nimelijulia kwa shangazi yangu.

Shangazi anaishi Magomeni. Kihindi hajui, na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo hayasomi, kwanza ni madogo, pili yanakimbia. Hata hivyo, msimu wa mashindano ukianza, jioni za Jumamosi na Jumapili king'amuzi ni chake, na mjukuu anayetaka mpira atafute kibanda umiza. Mshiriki mpya akipanda jukwaani, shangazi hana haja ya kujua ataimba nini. Hugeuka upande wangu na kuuliza, “Huyu kwao wapi?” Nami natakiwa niwe na jibu. Nikisema Mumbai, ananyamaza na kurudi kwenye kahawa yake. Nikisema ni kijijini huko, baba yake fundi cherehani, anasogeza kiti.

Nilidhani ni ushamba wa shangazi, mpaka nilipogundua kwamba kipindi chenyewe kimejengwa juu ya swali lake. Kabla mshiriki hajafungua mdomo tunaonyeshwa kwao: kichochoro chenye matope, baiskeli imeegemezwa ukutani, mama anapepea jiko, kitanda kimoja cha watu watano. Ndipo tunarudi studio, taa za buluu, na mtoto wa kichochoro kile amesimama katikati yake kwa suti ya kuazimwa. Nyimbo zenyewe zinajulikana, zimeimbwa na wakubwa miaka arobaini iliyopita. Tunachokisubiri ni kuona kama kichochoro kitaweza kusimama mbele ya taa zile.

Aliyewahi kukaa kwenye taarabu anaujua mchezo huu. Mwimbaji yuko mbele, wimbo umefika penye makali, mwanamke anainuka kitini. Haendi moja kwa moja. Anakwenda kwa mwendo wa ngoma, noti ameishika kwa vidole viwili na kuiinua juu ionekane tangu mlangoni, anapita mbele ya meza ya fulani bila kumtazama, anazunguka tena, ndipo anamfikia mwimbaji na kumtuza. Noti ni ya elfu mbili, lakini ujumbe wake wote wa ukumbini wameusoma. Mwimbaji amepata chake, na aliyetuza amepata kikubwa zaidi: ameonekana, amesema la moyoni mwake kwa kinywa cha mwenziwe. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wahindi walichofanya ni kuigeuza noti ikawa meseji, na ukumbi wakaufanya nchi ya watu zaidi ya bilioni moja.

Na biashara ilikuwapo. Indian Idol ilipoanza kwenye kituo cha Sony Oktoba 2004, ikiwa tawi la Pop Idol ya Uingereza, simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinashuka bei na kuingia mifukoni mwa watu wa kawaida. Meseji ya kura ilitozwa zaidi ya meseji ya salamu, na pato likagawanywa kati ya kampuni za simu na kituo. Machi 2005 Abhijeet Sawant wa Mumbai akatangazwa mshindi wa kwanza. Kwa ushindi wa Qazi, kumbuka kwamba simu za mkononi ziliruhusiwa Kashmir mwaka 2003, miaka minane baada ya kuanza kutumika kwingineko India. Bonde lile lilikuwa likitajwa kwenye taarifa ya habari kwa risasi na amri za kutotoka nje. Miaka miwili baadaye vijana wake wana simu mpya mkononi na mtu wa kwao kwenye kioo, anacheka, anaruka, anapigiwa makofi na Delhi. Wewe ungempigia kura Arijit?

Lakini anayetaka kuelewa mashindano haya asiishie Kashmir. Apande milima ya Darjeeling.

Darjeeling iko kaskazini kabisa ya Bengali Magharibi, miguuni pa Himalaya. Dunia inaijua kwa chai. Wenyeji wake wengi huzungumza Kinepali na hujiita Wagorkha, na ni raia wa India tangu vizazi vingi nyuma. Pamoja na hayo, mtu wa tambarare akimwona mmoja wao, fikra humpeleka kwa mlinzi wa getini, au mpishi, au askari. Askari hasa. Msomaji wa Tanga anao katika historia ya mji wake: miongoni mwa wanajeshi wa Kashmir Rifles walioingia Tanga Novemba 1914 walikuwamo Wagorkha, wamevushwa bahari kuupigania ufalme wa watu wengine. Miaka ya 1980 milima ile ilidai jimbo lake yenyewe ndani ya India, Gorkhaland. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na mwaka 1988 wakapewa baraza la kujiendesha badala ya jimbo. Kiongozi wao, Subhash Ghising, akakaa madarakani, na madai yakalala.

Mwaka 2007, msimu wa tatu wa Indian Idol, akatokea Prashant Tamang. Baba yake alikuwa polisi, akafariki, naye kijana akaacha shule na kuchukua ukonstebo katika Polisi ya Kolkata ili mama na dada wapate kula. Alikuwa akiimba kwenye bendi ya polisi. Kwa masikio yangu hakuwa mwimbaji bora wa msimu ule, na majaji mara kadhaa walimwambia hivyo kwa maneno ya upole na yasiyo ya upole. Kila jaji alipomponda, kura ziliongezeka. Milimani watu walikuwa wamesikia lugha ile maisha yao yote, kwamba wewe ni mtu mwema, mwaminifu, lakini huku si mahali pako.

Vilabu vya mashabiki vikaundwa. Michango ikachangwa kama ya harusi, kwa kamati na mweka hazina. Vocha zikanunuliwa kwa mafungu, vibanda vya simu vikajaa watu wanaopiga kura mpaka vidole vinawauma. Hapa pana jambo ambalo wanasiasa wa India waliliona kwa kuchelewa. Bunge la nchi ile lina viti 543 vya kuchaguliwa, na katika hivyo Darjeeling ina kimoja. Unapiga kura mara moja kwa miaka mitano, kura yako moja, na inazama baharini. Kwenye televisheni unapiga usiku kucha, kesho unaambiwa matokeo, na mtu wako yuko pale pale hajatoka. Si demokrasia, maana mwenye fedha ana kura nyingi kuliko maskini, na sanduku lenyewe ni mali ya kituo. Lakini kwa watu ambao hesabu haijawahi kuwaona, hata sanduku la kununua lina ladha yake.

Aliyebaki naye fainali alikuwa Amit Paul wa Shillong, mji mkuu wa Meghalaya, na habari yake ni tamu kwa namna nyingine. Amit ni Mbengali katika mji wa Wakhasi. Tangu 1979 mji ule umeona ghasia za wenyeji dhidi ya waitwao wageni, Wabengali wakiwa wa kwanza kulengwa. Sasa Wakhasi na Wabengali wakajikuta wanamchangia kijana mmoja, wanatembea barabara moja na picha yake. Waziri Kiongozi wa jimbo, D. D. Lapang, akamtangaza balozi wa amani. Kijana wa kuimba nyimbo za sinema, balozi wa amani! Ukicheka, kumbuka ni kamati ngapi za maridhiano zimekaa hotelini na hazikupata hata nusu ya umati ule.

Fainali ilikuwa 23 Septemba. Kura zilizotangazwa zilipita milioni 70. Prashant akashinda, na milima ikalipuka kwa fataki. Siku chache tu baadaye, mtangazaji mmoja wa redio huko Delhi akafanya utani: sasa Mgorkha amekuwa nyota, nani atalinda nyumba zetu usiku? Tarehe 28 waandamanaji wakajaa Siliguri, mji ulio chini ya milima, ghasia zikazuka, jeshi likaitwa, amri ya kutotoka nje ikatolewa. Haya yote kwa ajili ya shindano la kuimba, angesema mtu wa mbali. Lakini rudi kwenye utani wenyewe uone ulichokuwa unasema: kura zenu milioni zote hizo, na bado ninyi ni walinzi wa getini.

Mmoja wa walioongoza harakati za kumchangia Prashant alikuwa mwanasiasa wa pale, Bimal Gurung. Ghising, mzee wa milima, alikuwa amekaa kando ya shamrashamra zile. Gurung aliisoma hewa. Tarehe 7 Oktoba, wiki mbili baada ya fainali, akaanzisha chama cha Gorkha Janmukti Morcha, na watu waliokwisha kupangwa mtaa kwa mtaa kwa ajili ya meseji wakawa ndio wanachama. Mwaka uliofuata Ghising akaondolewa milimani. Mwaka 2011 serikali ikasaini mkataba wa mamlaka mpya ya eneo lile, na 2012 Gurung akawa mkuu wake. Kutoka kuweka vocha hadi kuongoza mamlaka, miaka mitano. Jimbo la Gorkhaland halijapatikana mpaka leo, na Prashant mwenyewe alikwenda kuigiza filamu za Kinepali. Hakuwahi kuwa sauti kubwa ya sinema za Mumbai, na sidhani kama kuna aliyemchangia akitegemea hivyo.

Sasa, kwa nini kuimba? Kwa nini wasigombanie mapishi, au riadha?

Hapa inabidi nicheze na neno, maana Kiswahili kimenitegea. India ni nchi ya ukoo. Jina lako la pili husema kabla yako: tabaka, dini, mkoa, kazi ya babu. Katika sinema za Mumbai, mwana wa nyota huwa nyota, na mjukuu wake pia. Familia ya Kapoor imefanya hivyo kwa vizazi vinne. Lakini sinema hizo hizo ziliacha mlango mmoja wazi, wenye upana wa koo. Tangu zamani mwigizaji wa Kihindi haimbi. Anachezesha midomo, na sauti ni ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Mtu huyo hahitaji sura, wala urefu, wala baba maarufu. Anahitaji koo. Lata Mangeshkar aliimba kwa niaba ya waigizaji wa kike wa vizazi vitatu bila kuonekana. Ndiyo maana kila mama wa mji mdogo mwenye mtoto anayeimba bafuni anajua kwamba kuna njia, hata kama ni nyembamba.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko televisheni. Mahendra Kapoor, ambaye wazee wa Mombasa na Unguja wanaikumbuka sauti yake, alishinda shindano la kuimba la Metro-Murphy mwaka 1957. Hata mwigizaji Rajesh Khanna alitoka kwenye shindano la kusaka vipaji la mwaka 1965. Nilipomwambia shangazi hili la Rajesh Khanna, ambaye yeye alikuwa akimfuata mpaka sinema za mjini enzi za usichana wake, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Basi walifanya vizuri kumchagua.” Kisha mwaka 1995 kituo cha Zee kikaanzisha Sa Re Ga Ma, jina likiwa ni sauti nne za kwanza za muziki wa Kihindi, mtangazaji wake kijana asiyejulikana sana, Sonu Nigam. Mwaka 1996 Sunidhi Chauhan, mtoto wa shule, alishinda Meri Awaz Suno kwenye televisheni ya taifa. Shreya Ghoshal alikulia mji mdogo wa Rajasthan. Mama wa mwongozaji Sanjay Leela Bhansali alimwona kwenye Sa Re Ga Ma, akamwita mwanawe aje asikilize. Filamu ya Devdas ilipotoka mwaka 2002, binti yule ndiye aliyekuwa kwenye koo la Aishwarya Rai, na tuzo ya taifa akaipata.

Enzi hizo majaji walikuwa wajuzi na kura ya simu haikuwapo. Wakati ule koo ndilo lililokuwa likishindana. Meseji ilipoingia, ukoo ukarudi kupitia dirishani. Safari hii si ukoo wa mjini wenye jina, ni ukoo wa pembezoni, wenye watu wengi na hasira ya kusahauliwa. Msimu wa pili wa Indian Idol alishinda kijana wa Bikaner jangwani. Wa nne, binti wa Tripura, Sourabhee Debbarma, mwanamke wa kwanza kutwaa taji lile. Salman Ali, mshindi mwingine, alitoka Mewat, kwenye jamii ya waimbaji wa kurithi waliokuwa wakiimba kwenye shughuli za watu. Pawandeep Rajan, naye mshindi, alitoka milima ya Uttarakhand. Ukiwawekea alama kwenye ramani, hutaona hata moja iliyoangukia Delhi au Mumbai.

Watayarishaji si wajinga. Walipoona kwamba watu wanapigia kura kichochoro, wakaanza kuuza vichochoro. Hapa ndipo nami huwa natamani kuchukua kidhibiti mkononi mwa shangazi. Mtindo umekuwa mmoja: mshiriki anaimba, anamaliza, anaulizwa swali ambalo kila mtu analijua jibu lake. Muziki unashuka. Baba aliyekuwa mbali miaka sita anatokea nyuma ya pazia. Kamera inakwenda kwa jaji wa kike, jicho limeshaanza kulowa, kisha kwa jaji wa kiume anayevua miwani, kisha kwa mama aliyeziba mdomo kwa ncha ya sari. Mtoto anainama kuwashika miguu wazazi, halafu majaji. Sisi tunasema shikamoo na kusahau kwamba ndani yake kuna miguu ya kushikwa. Wao wanaishika kweli kweli, na jaji anamwinua kwa mabega, na hapo hata mimi mwenye kelele nyingi huwa kimya.

Mshindi wa msimu wa 11, Sunny Hindustani wa Bathinda, Punjab, alikuwa akipiga watu viatu rangi, na kuimba alijifunza kwa kumsikiliza Nusrat Fateh Ali Khan. Sauti yake ingetosha bila viatu. Lakini viatu vilionyeshwa tena na tena, mpaka mtu akajiuliza kama kuna mshiriki aliyetolewa kwa kosa la kuwa na baba mwenye mshahara. Abhijeet Sawant, mshindi yule wa kwanza, alisema hadharani mwaka 2021 kwamba vipindi vya Kihindi vimezama kwenye habari za umaskini na majonzi, wakati vya lugha za majimbo bado vinaangalia uimbaji. Mwaka huo huo Amit Kumar, mwana wa mwimbaji Kishore Kumar, alialikwa kwenye kipindi cha kumuenzi baba yake, na alipotoka akasema aliagizwa amsifu kila mshiriki bila kujali kaimbaje. Watu walikasirika wiki nzima. Wiki iliyofuata wakakaa tena mbele ya kioo, nadhani kwa sababu ile ile inayomrudisha mtu kwenye taarabu ingawa anajua kwamba noti nyingine zimetolewa na mwenye bendi ili kuwasha moto.

Kuna siku, hata hivyo, biashara hii hutoa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi ya mtayarishaji. Mwaka 2009, msimu wa kwanza wa India's Got Talent, kilipanda kikundi cha Prince kutoka Berhampur, Odisha. Wengi wao walikuwa vibarua wa ujenzi, wamezoea karai na zege. Wawili walikuwa na ulemavu. Walikuwa wamejipaka rangi mwili mzima, na mwanzoni ungedhani ni sanamu zimepangwa. Kisha sanamu zikaanza kujongea, mmoja akapanda juu ya mabega ya mwingine, mikono ikachipua kutoka nyuma ya mgongo wa aliyesimama mbele, na kwa sekunde chache pale jukwaani pakawa na mungu wa Kihindu, mwenye mikono mingi, aliyetengenezwa kwa miili ya vibarua. Hawakuhitaji kuhojiwa kuhusu umaskini wao. Walishinda.

Upande wa ngoma una mkuu wake anayejulikana kwetu vizuri. Dance India Dance ilipoanza 2009, aliyekaa kwenye kiti cha juu kwa cheo cha mwalimu mkuu alikuwa mwigizaji Mithun Chakraborty. Mtoto wa Dar au Mombasa aliyekua miaka ya themanini hahitaji kuelezwa. Kuna watu wazima leo, wenye vitambi na vyeo, waliowahi kuvunja vitanda vya mama zao wakimwiga katika filamu ya Disco Dancer.

Watoto sitawasema kwa urefu. Mwaka 2008 magazeti yaliandika habari za msichana wa shule wa Kolkata aliyelazwa hospitali, amepoteza sauti na nguvu za viungo, baada ya kukaripiwa na majaji wa shindano moja la ngoma. Mwaka 2017 mwongozaji filamu Shoojit Sircar aliomba mashindano ya watoto yapigwe marufuku. Hayakupigwa, na nikimtazama mtoto wa miaka saba akiimba wimbo wa mapenzi mbele ya watu wazima wanaolia, huwa naenda kuchemsha chai.

Turudi kwa Arijit. Aliposhindwa hakurudi Jiaganj kulia. Alibaki Mumbai, akafanya kazi za studio, akiwasaidia watunzi kupanga muziki wao, mpaka mwaka 2013 Tum Hi Ho ya filamu ya Aashiqui 2 ilipomfungulia kila mlango. Neha Kakkar naye alitolewa mapema Indian Idol ya pili, na baadaye akarudi pale pale akiwa jaji. Mifano ya namna hii inazidi kuongezeka, na watu huiita maajabu. Kwangu haina ajabu yoyote. Anayekwenda studio huambiwa aimbe, basi. Mtunzi ana wimbo na anatafuta koo la kuubeba. Hajali kama unatoka Bikaner au Bandra. Anayesimama mbele ya taifa, kwa upande wake, amebeba watu, na watu hao wakishamtuza, kazi waliyomtuma imekwisha. Wanakwenda nyumbani. Hawakuahidi kununua santuri zake.

Hilo ndilo linaloniudhi kidogo na kunifurahisha sana. Linaniudhi kwa ajili ya washindi wenyewe, vijana waliorudi kwenye maonyesho ya harusi na sherehe za kampuni wakiwa na gari la zawadi na jina linalofifia. Linanifurahisha kwa sababu watazamaji, waliodharauliwa kwamba hawana masikio, walijua tangu mwanzo walichokuwa wanakinunua.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Magomeni, umeme ukakatika kipindi kikiwa katikati. Ili kumpoza shangazi nikatoa simu nikamwonyesha video ya Kili Paul, yule kijana wa Kimaasai ambaye mwaka 2021 yeye na dada yake Neema walienea India nzima kwa kuchezesha midomo kwenye nyimbo za filamu, hadi Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja kwenye hotuba yake ya redio Februari 2022. Wimbo uliowatoa ni Raataan Lambiyan. Wanaosikika humo ni pamoja na Asees Kaur, aliyepita Indian Idol bila kushinda, na Jubin Nautiyal, aliyejaribu X Factor ya India mwaka 2011 na hakufika mbali. Sauti mbili zilizokosa kura, zimetua kwenye midomo ya mtu mwenye rubega na fimbo, nyuma yake nyasi na ng'ombe.

“Huyu kwao wapi?” shangazi akauliza, wimbo haujafika hata nusu.

“Wa hapa hapa. Mkoa wa Pwani, upande wa Chalinze.”

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

“Chalinze hii?”

“Hiyo hiyo, shangazi.”

“Na Kihindi anakiimba hivi?”

Nikaanza kumweleza kwamba haimbi, anafuatisha midomo tu, sauti ni za watu wengine kabisa. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameshaingiza mkono chini ya mto wa kochi anatafuta simu yake ya vitufe.

“Nitajie namba, mwanangu,” akasema. “Huyu anapigiwa kura kwa namba gani?”